UZI: Kusoma Kihispania chuo kikuu – pitia Kiswahili, acha kupitia Kiingereza

Msarifu

Wakuu, uzi huu ni wa wanaosoma Kihispania chuoni na wanaojiandaa kwenda kukisomea Hispania, Cuba au kwingineko. Hoja yangu ni moja. Vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Mswahili akivifuata kama vilivyo, anatumia muhula mzima kutibu maradhi ya Mwingereza ambayo yeye hana, halafu maradhi yake mwenyewe hayatajwi popote.

Tazama somo la kwanza. Kitabu kinajaza ukurasa kueleza kwamba kwa Kihispania mtu "ana" njaa na "ana" miaka ishirini. Kwetu hilo si somo:

tengo hambre – nina njaa
tengo sed – nina kiu
tengo prisa – nina haraka
tengo miedo – nina hofu
tengo veinte años – nina miaka ishirini

Ukitaka kusema umekisoma Kihispania kwa miaka miwili na bado unaendelea, ni "llevo dos años estudiando español". Tafsiri yake iliyo karibu kabisa ni ile ya mtaani: nina miaka miwili nasoma Kihispania.

Viungo vya mwili navyo. "Me lavo las manos", nanawa mikono. "Me he roto la pierna", nimevunjika mguu. Hakuna "yangu" wala "wangu", kwao wala kwetu. Anayepitia Kiingereza ndiye anayeandika "mis manos" na "mi pierna", kisha anashangaa wino mwekundu unatoka wapi.

Nafsi hali kadhalika. Kiswahili kinaibeba mwanzoni mwa kitenzi, Kihispania mwishoni: ninasema "hablo", unasema "hablas", tunasema "hablamos". Kwa hiyo "yo" haihitajiki, kama sisi tusivyosema "mimi" kila sentensi. Ukiweka "yo" unasisitiza: mimi ndiye ninayesema, si mwingine. Insha yenye "yo" kumi na tano kwenye ukurasa mmoja inasomeka kama mtu anayejigamba.

Sasa sauti. Irabu ni tano zilezile, a e i o u, na hazibadiliki. Konsonanti tunazo karibu zote:

- j, na g iliyo mbele ya e au i: kh ya "kheri". Gente, jueves.
- z, na c iliyo mbele ya e au i: th ya "thelathini", kwa sehemu kubwa ya Hispania.
- d iliyo kati ya irabu: dh ya "dhahabu", ila laini zaidi. Nada.
- g iliyo kati ya irabu: gh ya "ghali". Lago, amigo.
- ñ: ny. Niño, España.
- h: haitamkwi kabisa. Hola ni "ola".
- b na v: sauti moja. Vino ni "bino". V yetu ya meno juu ya mdomo haimo katika Kihispania sanifu, na hili ndilo kosa la sauti linalowakaa wanafunzi wetu muda mrefu kuliko yote.

Anayesema "samani" badala ya "thamani" asihangaike na th. Amerika yote ya Kihispania na visiwa vya Canarias wanatamka s mahali hapo, na ni sahihi kabisa. Chagua njia moja, usichanganye ndani ya sentensi moja.

Naendelea baadaye. Wenye ujuzi ongezeni.

Kilindini

Msarifu, umetaja yanayotusaidia. Nitaje yanayotuponza kwenye matamshi, maana ni mawili makubwa.

La kwanza ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi, umemaliza. Kihispania kina kanuni: neno linaloishia na irabu, n au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho (ca-sa, ha-blan, li-bros). Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo uko silabi ya mwisho (ha-blar, Ma-drid, pa-pel). Neno lolote linalovunja kanuni hiyo linawekewa alama juu ya irabu, wao wanaiita tilde: te-lé-fo-no, ca-fé, ár-bol. Maana yake ni kwamba neno usilowahi kulisikia unaweza kulisoma kwa usahihi mara ya kwanza.

Mswahili anafanya nini? Anavuta kila neno kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Anasema "telefóno". Hapo ataeleweka. Lakini tazama hapa:

hablo – ninasema
habló – alisema

término – kikomo
termino – ninamaliza
terminó – alimaliza

Ukikosea mkazo umebadilisha nafsi na wakati kwa pamoja. Kwenye imla ya mwaka wa kwanza hizi ndizo alama zinazopotea nyingi kuliko zote. Dawa: usinukuu kitenzi kipya kwenye daftari kwa umbo moja. Kinukuu kwa jozi, hablo/habló, compro/compró, na ukisome kwa sauti huku unapiga meza kwenye silabi yenye mkazo.

La pili ni silabi zinazofungwa na konsonanti. Sisi silabi zetu zinaishia na irabu, kwa hiyo ulimi unatafuta pa kutua: "Madiridi", "habulari", "doketori". Fanya hivi: kata neno, tamka kila kipande polepole, funga mdomo kabla ya kuanza kinachofuata. Cons-truc-ción. Ins-ti-tu-to. Al-re-de-dor. Dakika kumi kila siku kwa wiki sita zinazidi saa tatu za Jumamosi.

Na r. Ile moja ya kati, kama "pero", ni r yetu ya kawaida. Inayotikisika ni rr ya "perro", na r yoyote inayoanza neno (rosa) au inayofuata n, l, s (Enrique, alrededor, Israel). Pero ni "lakini", perro ni "mbwa". Caro ni "ghali", carro ni "gari". Kwa wale ambao lugha ya nyumbani inachanganya r na l, anzeni na l/r (pelo ni nywele, pero ni lakini) kabla ya kugusa rr.

BintiPangani

Ahsanteni. Kuna jambo darasani linawasumbua wengi: ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa". Wanaambiwa ser ni cha kudumu, estar ni cha muda. Halafu wanakutana na "está muerto". Sasa kufa ni kwa muda?

Msarifu

Dada Pangani, swali zuri sana, na hapo ndipo Kiswahili kinapomshinda mwalimu wa Kiingereza kwa mbali. Itupe hiyo kanuni ya kudumu na muda.

Sema kwa Kiswahili: "amekufa". Hukusema "ni mfu". Umetumia -me-, yaani jambo limetokea na hali yake imebaki. Sasa pitisha orodha hii:

amekufa – está muerto
amekaa – está sentado
amesimama – está de pie
amechoka – está cansado
ameolewa – está casada
mlango umefungwa – la puerta está cerrada
chupa imejaa – la botella está llena

Kila -me- inayoeleza hali iliyobaki, Kihispania kinaipa estar. Mwingereza hana -me- hii, ndiyo maana anahangaika na falsafa ya kifo.

Halafu mahali: yuko, yupo, yumo, vyote ni estar. "Yupo nyumbani", está en casa. Na "ni" ya utambulisho, kazi, asili na ya kile ambacho kitu kimeundwa nacho ni ser: es profesora, es de Tanga, es de madera.

Lakini jihadhari na mtego wetu wenyewe. Tukio, tofauti na kitu, mahali pake panatajwa kwa ser, kwa sababu maana ni "kufanyika". Mkutano uko ukumbi wa tatu: "la reunión es en la sala 3". Mswahili anafuata "uko" na kuandika "está". Jiulize: naweza kuweka "unafanyika"? Ukiweza, ni ser.

Kisha kuna maneno yanayobadilika maana. Es listo, ni mwerevu. Está listo, yuko tayari. Es aburrido, anachosha. Está aburrido, amechoshwa. Hata hapo ona -me- inavyorudi.

Ukaguzi_wa_Insha

Mkuu Msarifu, hiyo ya -me- ni sahihi, ila weka uzio. Si kila -me- ni estar. "Nimesoma kitabu", "nimeandika barua", hapo -me- inaeleza tendo lililokamilika, na Kihispania cha Hispania kinasema "he leído", "he escrito". Kipimo: ukiweza kuweka "bado" mbele bila sentensi kuharibika (bado amekaa, bado amesimama), ni estar. "Bado nimesoma kitabu" haisemeki, basi ni haber (ile he ya "he leído").

Na anayesoma kwa mhadhiri wa Amerika ya Kusini atasikia "leí" mahali ambapo wa Madrid angesema "he leído". Si kosa. Wakati uliopita wa -li- umechukua kazi kubwa zaidi upande ule.

Kuhusu -li- yenyewe: "alisoma", leyó. "Alikuwa akisoma", leía. "Alikuwa na kawaida ya kusoma", leía vilevile. Ukiwa na shaka, geuza sentensi iwe Kiswahili. Ikikubali "alikuwa aki-" bila kulazimisha, ni imperfecto, umbo hilo la leía.

Nyamwezi_7

Wakuu, subjuntivo. Kila kitabu kinaeleza kwamba ni "hali ya mashaka na hisia". Hayo hayasaidii mtu aliye kwenye chumba cha mtihani.

Msarifu

Mkuu, subjuntivo unayo mdomoni tangu ulipoanza kutumwa dukani. Ni ile -e ya mwisho.

Nataka aje – quiero que venga
Ni muhimu usome – es importante que leas
Mwambie afungue – dile que abra
Tumefunga ili wasiingie – hemos cerrado para que no entren

Sisi tunabadilisha -a kuwa -e. Wao wanabadilishana: vitenzi vya -ar vinachukua e (hablar, hable), vya -er na -ir vinachukua a (comer, coma, abrir, abra). Unaanzia umbo la yo, unang'oa o, unapachika irabu ya upande wa pili: tengo, tenga, digo, diga, conozco, conozca. Sita hazifuati na lazima zikaririwe: sea, esté, vaya, haya, sepa, dé. Na vitenzi vinavyobadilika shina kama dormir vina mzunguko wake (duerma, lakini durmamos).

Kwa hiyo nusu ya subjuntivo unaipata bure. Nusu ya pili ndiyo inayoua, kwa sababu huko Kiswahili hakitumii -e. Ziandikeni hizi ukutani:

1. Atakapofika. Sisi tunaweka wakati ujao, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "cuando llegará". Sahihi: "cuando llegue". Kila "-taka-po-" ni cuando pamoja na subjuntivo.

2. Kabla hajafika. Hili ni letu peke yetu. Kiswahili kinakanusha, Kihispania hakikanushi. Mwanafunzi anatafsiri "antes de que no llegue", ambayo haina maana. Sahihi: "antes de que llegue".

3. Sidhani kwamba ni kweli. Sisi tunaacha "ni" kama ilivyo. Wao: "no creo que sea verdad". Ukikanusha kuamini, kitenzi cha pili kinageuka.

4. Nimefurahi kwamba umekuja. "Me alegro de que hayas venido". Jambo limekwisha kutokea, halina mashaka hata kidogo, lakini bado ni subjuntivo, kwa sababu sentensi inatoa hisia juu ya jambo hilo badala ya kuliarifu.

5. Mtu anayejua. "Namtafuta mtu anayejua Kiarabu": kama unamjua ni nani, "busco a una persona que sabe árabe". Kama bado unatafuta yeyote, "busco una persona que sepa árabe". Kiswahili hakitofautishi hapa.

Ukaguzi_wa_Insha

Ongeza la sita, -nge-. "Ningekuwa na pesa ningenunua". Sisi -nge- inakaa pande zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "si tendría dinero, compraría". Sahihi ni "si tuviera dinero, compraría". Baada ya "si" (yaani "kama") hakuna -ría. Utawasikia Wahispania wenyewe wa kaskazini, maeneo ya Kibaski na jirani zake, wakisema "si tendría". Waache na ya kwao, mtihani hauikubali.

BintiPangani

Na vile vidogo, lo, la, le, se? Kwenye insha zetu ndivyo vinavyokosekana.

Kilindini

Dada, anza na tunachojua. "Nimemwona Juma" lakini "nimeona gari". Kiswahili kinalazimisha -m- kwa mtu, kwa kitu si lazima. Kihispania kina tabia hiyohiyo kwa njia nyingine: kinaweka a. "He visto a Juma", "he visto un coche". Popote Kiswahili kinapodai -m- au -wa- ya mtendwa binadamu anayejulikana, weka a. Wenzetu wanaopitia Kiingereza wanaisahau hii a mpaka mwaka wa nne.

Sasa kwa nini lo inatupotea: kitenzi chetu kina chumba kimoja tu cha mtendwa. "Nimempa." Nimempa nini? Kitabu, tulishakitaja, kinaeleweka. Kihispania kina vyumba viwili na vyote lazima vijazwe: "se lo he dado". Se ni yeye, lo ni kitabu. Mswahili anaandika "le he dado" na kuishia hapo. Kwa Mhispania sentensi hiyo inaning'inia.

Taratibu ya kuandika: tafuta nani anayepokea (me, te, le, nos, os, les), tafuta kitu (lo, la, los, las), panga mpokeaji mbele. Le au les ikikutana na lo au la, inageuka se. Halafu vyote vikae mbele ya kitenzi chenye nafsi, au vibandikwe nyuma ya kisicho na nafsi: "se lo quiero dar" au "quiero dárselo". Ona tilde imezaliwa kwenye dárselo, kwa sababu mkazo sasa umerudi silabi ya tatu kutoka mwisho.

Na gustar: "kitabu kinanipendeza", me gusta el libro. Kitabu ndicho kiima. Vitabu vinanipendeza, me gustan los libros. Usianze na "napenda", anza na "inanipendeza", hutakosea tena.

Nyamwezi_7

Jinsia za nomino je?

Kilindini

Anayemudu "vitabu vyangu vizuri vimepotea" hawezi kushindwa na "las casas blancas". Ngeli mbili tu. Kariri nomino pamoja na el au la yake, na wachache wasumbufu: el problema, el tema, el sistema, el idioma, el mapa, la mano, la foto, la radio. El agua fría: ni ya kike, el imewekwa kwa ajili ya sauti tu, kivumishi kinabaki cha kike.

MzeeWaMizani

Vijana, mmekaa kwenye sarufi. Shahada si sarufi peke yake. Hispania shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka 4 na krediti 240 za Ulaya, 60 kila mwaka. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180, na darasani ni sehemu ndogo tu ya hizo. Zilizobaki ni za kusoma matini. Anayedhani kuhudhuria kunatosha hafiki mwisho wa muhula.

Fasihi ndiyo inayowatisha wengi, na haipaswi kumtisha mtu aliyelelewa na ushairi wa pwani. Mshororo wa jadi wa Kihispania ni wa mizani 8, octosílabo, kama kipande cha utenzi. Romance, utungo wao wa simulizi, ni mishororo ya mizani 8 ambapo ile ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6, inalandana kwa irabu tu. Anayejua vina na mizani ameshaingia ndani ya nyumba.

Ila hesabu yao ina mambo mawili tusiyo nayo. Kwanza, irabu inayoishia neno na irabu inayoanza neno linalofuata zinaungana kuwa mizani moja. Wanaiita sinalefa. Chukua mshororo huu:

Cuando el agua entró en la casa

Ukihesabu kwa kutenganisha maneno unapata 11: cuan-do-el-a-gua-en-tró-en-la-ca-sa. Kwa hesabu yao ni 8: cuan-doel-a-guaen-tróen-la-ca-sa.

Pili, neno la mwisho linaamua. Mkazo ukiwa silabi ya mwisho, ongeza 1. Ukiwa ya pili kutoka mwisho, acha. Ukiwa ya tatu kutoka mwisho, punguza 1. Casa iko kundi la kati, kwa hiyo 8 inabaki 8. Wanafunzi wetu wanakosa hesabu kwa sababu wanasoma kila irabu peke yake kama Kiswahili. Soma mshororo kwa kuimba, sinalefa itajitokeza.

Kuhusu uchambuzi, comentario de texto, mpangilio unaotarajiwa ni huu: matini ni ya nani, lini, utanzu gani, dhamira kwa sentensi moja au mbili, muundo, umegawanyika wapi na kwa nini hapo, lugha na mbinu, kisha hitimisho. Makosa mawili yanarudi kila mwaka. Moja, kusimulia upya yaliyomo. Mhadhiri ameshayasoma. Mbili, kuorodhesha tashbihi, sitiari na takriri bila kusema kila moja inafanya kazi gani kwenye dhamira. Mbinu tatu zilizofungwa na dhamira zinazidi kumi zilizotajwa tu.

BintiPangani

Ahsante, mzee wangu. Na DELE, mtihani wa kupima Kihispania?

Ukaguzi_wa_Insha

DELE unatolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya wizara ya elimu ya Hispania, ngazi A1 hadi C2, na cheti hakiishi muda. SIELE, mtihani mwingine wa Kihispania, unafanywa kwa kompyuta, alama 1,000, nao cheti chake kina mwisho, miaka 5. Chuo kinaweza kuomba B1 au B2. Soma tangazo la chuo chenyewe kabla ya kulipia.

DELE B2 iko hivi: kusoma dakika 70, maswali 36. Kusikiliza dakika 40, maswali 30. Kuandika dakika 80, kazi 2. Kuzungumza dakika 20, na dakika nyingine 20 za kujiandaa kabla.

Kila sehemu ina alama 25, na zimefungwa kwa makundi mawili: kusoma na kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Lazima upate 30 kati ya 50 katika kila kundi. Ukipata 48 kundi moja na 29 jingine, umefeli. Wengi wetu tunasoma vizuri na kusikiliza vibaya, kwa hiyo kundi la pili ndilo la kuandalia.

Kwenye kuandika, kila kazi ni maneno 150 hadi 180. Ya kwanza ni barua, na sehemu ya habari za barua hiyo inatoka kwenye sauti utakayosikilizishwa. Anayeandika barua nzuri isiyogusa yaliyosemwa kwenye sauti anapoteza. Sikiliza ukiwa na kalamu, andika nomino na tarakimu, si sentensi nzima.

Nyamwezi_7

Wanaokwenda Cuba kusomea udaktari, waanze wapi?

Kilindini

Kozi zinaanza na maandalizi ya lugha kwa wasiojua Kihispania, lakini usisubiri mpaka ufike. Sikio liandaliwe kwa s ya mwisho wa silabi: Wacuba wengi wanaipumua kama h au kuiacha. "Estoy" inasikika "ehtoy", "los niños" inasikika "loh niñoh". Huko hakuna vosotros ("ninyi" ya kirafiki ya Hispania), ni ustedes kwa wote, wakubwa na wadogo. Kwa mgonjwa mtu mzima tumia usted badala ya tú ya "wewe", ni heshima ileile anayoitarajia mzee wa kwetu. Basi la abiria huitwa guagua. Na "coger", ambalo Hispania ni "kuchukua" tu, Mexico na Argentina ni tusi. Zoea "tomar", halimkeri mtu popote.

MzeeWaMizani

Niongeze la msamiati. Kihispania kilikaa karne nyingi pamoja na Kiarabu, nasi pia kwa njia yetu. Matokeo ni maneno ndugu. Azúcar ni sukari. Azafrán ni zafarani. Cifra imetoka mahali pamoja na sifuri. Alcalde, ambaye leo ni meya, ni kadhi. Alguacil, ofisa wa mahakama, ni waziri aliyeshushwa cheo. Na hasta ni hata: "¿hasta cuándo?", hata lini, "hasta los niños lo saben", hata watoto wanajua. Neno moja, matumizi mawili, na yote mawili tunayo.

Kutoka kwa Wareno tunayo meza, bendera na mvinyo, nao wana mesa, bandera, vino. Lakini gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa, na iglesia kwa Kihispania ni kanisa. Pera yao si pera letu. Letu kwao ni guayaba. Na "asistir a" kwa kawaida ni kuhudhuria, si kusaidia.

Ukaguzi_wa_Insha

Mawili kwa wanaotaka ukalimani, kwa sababu yanagharimu.

Saa. Saa nane mchana ni "las dos de la tarde". Fanya zoezi la kugeuza saa kwa sauti, mara hamsini kwa siku, mpaka lisiwe na hesabu kichwani. Kosa la saa sita kwenye miadi ya hospitali halirekebishiki kwa kuomba radhi.

Bilioni. "Un billón" kwa Kihispania ni milioni ya milioni, sifuri kumi na mbili. Bilioni yetu ni "mil millones". Bajeti ya shilingi bilioni 3 ni "tres mil millones de chelines". Ukisema "tres billones" umeizidisha mara elfu.

Nyamwezi_7

Na kuandika ñ kwenye kompyuta ya chuo? Wengine wanaacha n tu.

Ukaguzi_wa_Insha

Wasiache, mkuu. Año ni mwaka. Bila ñ linakuwa jina la kiungo kisichotajwa mezani, na "tengo veinte..." inakuwa aibu kwenye barua ya maombi. Kwenye Windows yenye kibodi ya tarakimu pembeni, shikilia Alt na uandike:

160 á, 130 é, 161 í, 162 ó, 163 ú
164 ñ, 165 Ñ, 129 ü
168 ¿, 173 ¡

Kwenye simu, bonyeza herufi na kuishikilia. Alama ya kuuliza inayopinduliwa inakaa pale swali linapoanza, si lazima mwanzo wa sentensi: "Si llegas tarde, ¿quién abre?"

BintiPangani

Nimeinakili yote. Msarifu, por na para tunakungoja. "Kwa" yetu inazibeba zote mbili na hapo hatuna pa kushika.

Msarifu

Mna pa kushika, dada. Acha "kwa", tazama kitenzi. Kikiwa cha kutendea, "nimekununulia", "nimekupikia", ni para: lo he comprado para ti. Ikikubali "ili", ni para. Ikikubali "kabla ya" au "ifikapo" Jumatatu, ni para el lunes. Ikikubali "kwa sababu ya", "kupitia" au "badala ya", ni por: por la lluvia, por la ventana, firma por mí. "Asubuhi" bila saa, por la mañana. Ukitaja saa, de la mañana. Leteni sentensi kumi kumi hapa tuzipime moja moja.